Mtu wa Miguu Atalipandaje?

Yuko mzee mmoja hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Mbajuni mzaliwa wa Kisimayu na mvuvi kwa kazi kabla vita havijamng'oa pwani na kumleta katika nchi hii isiyo na maji ya kudumu hata ya kuloweka kamba, ambaye kila asikiapo kuwa nimeletewa gazeti kutoka Garissa hunijia baada ya alasiri, akaketi juu ya dumu lililopinduliwa kando ya uzio wa miba, akanitaka nimsomee habari za meli na bandari, kwani macho yake yameingia mtoto wa jicho, na mengine yote yaliyomo gazetini, siasa na mipira, hayamshughulishi. Wiki iliyopita nilimsomea habari za lile daraja ambalo watu wa Mombasa wameahidiwa miaka na miaka, la kutoka kisiwani hadi Likoni, naye akasikiliza kwa taadhima mpaka nilipofika mahali palipotajwa kimo chake, kwamba litapita mita 69 hivi juu ya uso wa bahari, ndipo akaniinulia kiganja kunisimamisha.

"Maalim," akaniuliza, "na mtu wa miguu atalipandaje?"

Nilicheka, na kicheko changu kilikuwa cha mtu aliyeshikwa pabaya. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, niliyeletwa huku na kazi ya ualimu. Daraja hilo nimelitamani tangu utotoni, nimelitetea barazani na mashuleni, wala sikumbuki hata siku moja kuwa nimejiuliza swali alilouliza mzee huyu ambaye Likoni yenyewe hajapata kuitia machoni.

Asiyepata kusimama pale Likoni alfajiri hawezi kuifahamu hoja yangu, kwa hiyo na anistahimili nimweleze. Watu hukusanyika nyuma ya lango, bega kwa bega, vibarua wa bandarini, wanafunzi, mafundi waliobeba misumeno iliyofungwa magunia, na kina mama wenye mabeseni kichwani yaliyofunikwa vitambaa, na harufu ya mahamri ikachanganyika na ya dizeli na ya mwani. Kisha feri hukaribia, hushusha ulimi wake wa chuma juu ya saruji kwa kishindo kinachosikika hadi misikitini, lango hufunguliwa, na khalaika ile hutiririka mteremkoni kwa mwendo ambao si wa kukimbia wala si wa kutembea, kila mtu akitazama kisigino cha aliye mbele yake. Kwa hesabu inayotajwa na wahusika wenyewe, wanaovuka kwa miguu kwa siku moja hukaribia 300,000, ilhali magari ni kama 6,000 tu. Mwenye gari hulipa ada. Mwenda kwa miguu halipi kitu. Na ikiwa liko jambo moja ambalo serikali zetu zimeliendesha kwa insafu katika mji ule, basi ni hilo la kumvusha maskini bila ya kumwuliza ana nini mfukoni.

Sisemi kuwa feri ni pepo. Tangu ilipoanza mwaka 1937 imekwisha kututoa machozi sana, na hapana mtu wa rika langu asiyekumbuka tarehe 29 Aprili 1994, ilipopinduka feri ya Mtongwe na watu 272 wakafa maji umbali ambao mtu aliye ufukweni angeweza kuwaita kwa majina yao. Mwaka 2019 tena, mama na bintiye mdogo waliserereka na gari lao kutoka feri ya Likoni wakazama katikati ya mkondo, na nchi nzima ikakaa siku kumi na tatu ikingoja miili yao itolewe. Haya yakitajwa, kila mtu husema, na husema kwa haki, kwamba dawa ni daraja. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2019 mkataba wa mkopo ukatiwa saini na Wajapani, michoro ikachapishwa magazetini, nguzo ndefu mfano wa minara, na nyaya zake zimetandazwa kama matanga ya jahazi lililotweka. Na kwa hakika ni michoro mizuri.

Nasi watu wa Mvita si wageni wa madaraja. Reli ilipotaka kutoka kisiwani kwenda bara, mwaka 1896, lilijengwa la mbao pale Makupa. Mwaka 1931 likaja la Nyali, lililoelea juu ya maboya, ambalo watu walilipa ndipo wavuke. Na mwaka 1980 likafunguliwa la zege tunalolijua leo. Lakini madaraja hayo yote yamelala chini, karibu na maji, na mtu hulivuka la Nyali kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni na kikapu mkononi bila ya kuhema. La Likoni haliwezi kulala chini, kwa sababu chini yake ndiko ziendako meli zote za bandari ya Kilindini, na meli ya makontena haiinamishi kichwa. Sharti daraja liruke juu, na kitu kirukacho juu sharti kianze kupanda mbali, ndani kabisa ya mji, na kishuke mbali vilevile. Basi yule mama wa mahamri, ambaye leo kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni mwa feri ni dakika kumi, atatakiwa arudi nyuma kuitafuta njia ya kupandia, apande juani kimo cha jengo la ghorofa ishirini, na beseni kichwani, na upepo wa kusi ukimpiga ubavuni. Atapanda matatu, mtaniambia. Ndiyo, na atalipa nauli, kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu, katika safari ambayo leo huivuka bure.

Hapo ndipo swali la mzee liliponichoma. Wala si kwetu tu mwenda kwa miguu anaposahauliwa. Huko Urusi, katika mji wa Vladivostok uliokaa juu ya rasi kama kidole kilichonyoshwa baharini, walijenga mwaka 2012 daraja la kuuunganisha mji na kisiwa kilicho karibu, kisiwa cha watu elfu chache tu, na mhimili wake wa kati una urefu wa mita 1,104, ukawa siku zile umeyapita madaraja yote ya aina yake duniani. Walilijenga kwa ajili ya mkutano mmoja wa wakuu wa nchi. Katika mji huo huo liko daraja jingine kubwa, la mwaka ule ule, ambalo wenda kwa miguu walikuja kukatazwa kulipita. Miaka michache iliyopita watu wanne waliochoka na katazo hilo walijitengenezea boksi kubwa la karatasi, wakalipaka rangi ya manjano na kulichora madirisha na magurudumu, wakaliingia wote wanne, wakajaribu kuvuka kwa jina la basi. Walizuiwa, bila shaka. Nilipomsimulia mzee habari hiyo alicheka hata akakohoa, kisha akataka kujua kama boksi lilikuwa na honi.

Hapa kwetu kicheko cha namna hiyo hakikai sana kinywani. Kutoka Dagahaley hadi mjini Garissa ni safari ya zaidi ya kilomita mia moja, na nje kidogo ya mji huo liko daraja la mto Tana, ambalo ukilitazama kwa macho ni daraja la kawaida lisilo na fahari yoyote, ila kwa watu wa Kaskazini Mashariki ni mpaka wa dunia mbili, na hata leo utamsikia mtu mzima, raia mwenye kitambulisho, anayekwenda Nairobi kununua bidhaa, akiaga jamaa zake kwa kusema, "Naenda Kenya." Msemo huo haukuzuka hewani. Sheria za ukoloni za 1902 na 1934 ziliifanya nchi hii eneo la kufungwa, asiingie mtu wala asitoke ila kwa kibali. Uhuru ukaja na hali ya hatari, iliyodumu tangu 1963 hadi 1991. Na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa mistari, wazee kwa vijana, wakahojiwa ukoo wao mmoja mmoja ili wapewe kadi ya pili ya kuthibitisha kuwa ile ya kwanza haikuwa ya uongo. Leo basi likifika penye daraja husimama, abiria hushuka na vitambulisho mkononi, huvipitisha mbele ya askari, kisha hupanda tena. Na mkimbizi wa Dagahaley, hata aliyezaliwa hapa na kumaliza kidato cha nne hapa, hafiki pale bila ya pasi ya kusafiria, ambayo huombwa kwa sababu, hungojwa kwa majuma, na ina tarehe ya kufa.

Wala hayo hayatoshi, maana na mto nao una kauli yake. Katika mvua za mwishoni mwa 2023, na tena katika masika ya 2024, Tana ilifurika ikaimeza barabara upande wa Madogo, mahali paitwapo Kona Punda, si mbali na daraja. Daraja lenyewe halikutetereka. Lilisimama zima, na barabara ya kulifikia imo ndani ya maji, na watu wakavushwa kwa mashua wakilitazama, kama mtu afaye njaa mlangoni pa ghala. Mwezi wa Aprili 2024 basi lililobeba abiria 51 lilisombwa na maji katika njia hiyo hiyo, upande wa Tula, wakaokolewa wote kwa rehema ya Mola. Mwishoni mwa mwezi mashua ikapinduka pale Kona Punda, na hiyo haikurudisha roho zote ilizozipakia. Nilikuwa nikiyasikiliza hayo redioni nikikumbuka Mtongwe, tarehe zenyewe zikikaribiana, nikastaajabu jinsi mtu anavyoweza kufa kifo cha mwambao katika nchi ya ngamia.

Na sisi huku ndani zaidi? Jina Dagahaley kwa Kisomali ni mahali penye mawe, ingawa mimi katika miaka yangu hapa nimeona mchanga mwekundu tu, na mawe ya mafiga huuzwa. Kambi ilianzishwa 1992, na tangu siku hizo imekuwa kisiwa kila mvua zinapozidi kiasi: mwaka 1997 kwa El Niño, 2006, 2023, barabara zilikatika, na mara nyingine wakuu wakalazimika kuleta mahitaji kwa ndege. Kinachotukata si mto wenye jina. Ni laga, yaani mikondo mikavu ambayo kwa miezi kumi watoto huicheza mpira na mbuzi huipita wakitafuna, kisha usiku mmoja mvua hunyesha mbali, wala hapa hapadondoki tone, na asubuhi pana maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayokwenda kwa kasi na kubeba miba mizima mizima.

Asubuhi moja ya namna hiyo nilisimama ukingoni pamoja na wauza maziwa. Wanawake hawa huja kutoka malishoni na maziwa ya ngamia katika madumu yaliyofukizwa moshi wa kuni ili yasiharibike upesi, na kila mmoja anajua ni saa ngapi maziwa yake yatageuka. Waliyashusha madumu kutoka kwenye mikokoteni ya punda, wakayapanga kivulini chini ya mti mmoja wa mgunga, wakayafunika kwa magunia yaliyomwagiwa maji; hapana aliyelalamika. Mmoja wao alichomeka fimbo mchangani pale maji yalipokomea, na kila baada ya muda alikwenda kuitazama. Kufika adhuhuri maji yalikuwa yameiacha fimbo kwa upana wa viganja viwili tu. Alirudi, akafungua dumu moja, akaonja, akatutilia sote katika vikombe vya bati, watu tusiojuana naye, akasema tunywe kwani yale yamekwisha kuwa ya leo na hayatakuwa ya sokoni. Kijana mmoja wa bodaboda alitaka kumlipa, akamkemea.

Kwa kuivusha laga ile hahitajiki Mjapani wala mkopo wa miaka arobaini. Yatosha makalvati machache mapana, na njia ya zege iliyoinuliwa kimo cha mtu, na fundi wa kuyazibua makalvati hayo takataka kabla ya mvua, jambo ambalo ndilo gumu kuliko yote, kwa maana hapana mkuu akataye utepe wa kuzibua kalvati. Mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao unakusudia kambi za wakimbizi kama hii yetu ziache kuwa kambi na ziwe miji, mkimbizi na mwenyeji washiriki soko moja, shule moja na hospitali moja. Mimi nauunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Lakini mji ambao watu wake hawawezi kufika mji wa pili, mara kwa maji na mara kwa karatasi, sijui utaitwaje mji, hata ukipewa meya na bendera.

Ninajua msomaji wa Mombasa ataniuliza hayo ya laga yanahusianaje na Likoni. Yanahusiana hivi, kwamba katika mahali pote nilipopataja, anayebaki ukingoni ni mmoja, naye ni yule asiye na gari. Na michoro yote ya madaraja niliyopata kuiona magazetini huchorwa magari juu yake, madogo, ya rangi rangi, wala hapachorwi mtu. Barabara ya Dongo Kundu iliyokamilika 2024, na daraja lake refu la Mteza, imewafaa sana wenye malori na watalii waendao Diani, nami siwaonei wivu. Ila kibarua wa Likoni hawezi kuizunguka nchi nzima upande wa magharibi ili afike Kilindini anapopaona kwa macho. Watu wa Dar es Salaam wana la kutufundisha hapa. Walipofungua daraja la Kigamboni mwaka 2016, la mita 680 na la kulipia, hawakuiua feri ya Magogoni. Feri ikaendelea, na mpaka leo makabwela kwa maelfu huvuka kwa hiyo, kwa kuwa ndiyo inayowapokea palipo na nyumba zao na kuwashusha palipo na kazi zao. Na sisi wenyewe tuliwahi kujengewa daraja la kuelea la wenda kwa miguu pale Liwatoni, likafunguliwa siku ya kwanza ya mwaka 2021, wakati wa maradhi ya korona yaliyotaka watu wasisongamane. Lilikuwa na kasoro zake, meli zikipita lilifungwa, na halikudumu miaka mitano, lakini ndilo daraja pekee katika umri wangu ambalo aliyelibuni alianza hesabu yake kwa miguu ya binadamu.

Basi na lijengwe la Likoni, na mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia. Lakini kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa, na iandikwe katika mkataba, kwa wino ule ule utakaoandika deni, kwamba feri za wenda kwa miguu hazitapunguzwa hata moja wala hazitatozwa hata senti, na kwamba lile fungu la fedha linalohudumia feri halitahamishiwa kuhudumia nyaya. Nasema hivi mapema kwa sababu nijuavyo mimi, kitu cha maskini hakifutwi kwa tangazo. Huachwa kikachakaa, feri moja ikapelekwa matengenezo isirudi, ya pili ikafuata, hata siku moja mtu akasimama bungeni na kuuliza kwa nini tunatumia fedha nyingi kuendesha chombo kimoja kikongwe ilhali liko daraja.

Nilimsomea mzee maneno haya kabla ya kuyatuma. Alinyamaza kitambo, kisha akaanza kunisimulia Kisimayu ya ujana wake, jinsi bandari ilivyojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Wamarekani juu ya kile kilichokuwa kisiwa, kikaunganishwa na mji kwa tuta jembamba, na wao vijana wakilipita jioni, maji huku na maji huku, mmoja amebeba changu kwenye uzi wa ukindu, mwingine amevua viatu ili asiviharibu, hapana aliyewauliza jambo. "Lilikuwa chini," akasema, akionyesha kwa mkono kimo cha goti lake. Nikamwuliza kama ana radhi nilitaje jina lake gazetini, kwa kuwa swali ni lake.

"Litaje swali," akanijibu, akiinuka na kulishika dumu lake. "Mimi jina langu halina karatasi ya kuvukia Garissa, seuze Likoni."